Waifai ya nyumba ya mawe: orofani haifiki, na baada ya Isha haiendi

Mshauri, assalamu alaikum.

Nakuandikia kutoka Mkomani, Lamu. Nyumba yetu ni ya mawe, ya kale, yenye orofa moja. Tunakaa mimi, bwanangu, watoto watatu, mama mkwe, na shemeji yangu ambaye chumba chake kiko juu. Mwaka jana tuliweka intaneti ya nyumbani, kifurushi cha megabiti 10. Kisahani cha kupokea intaneti kiko darini, waya umeshuka mpaka chumba cha ndani, na ruta imewekwa kwenye kidaka, kile kishimo cha pambo ukutani, nyuma ya sinia la shaba, maana mama mkwe hakutaka zile taa za kijani zionekane na wageni.

Karibu na ruta mambo si mabaya, hasa asubuhi. Shida iko juu. Binti yangu anasoma stashahada kwa njia ya mtandao na madarasa yake ni ya usiku. Picha huganda, sauti hukatika, mwalimu humwita naye hasikiki. Shemeji hufanya kazi ya kuandika yaliyorekodiwa kwa sauti, kazi ya kampuni ya nje, naye kila siku analalamika faili hazishuki. Alipokwenda Malindi alinunua kile kidude cha kuongezea waifai, akakichomeka chumbani mwake. Sasa simu huonyesha vijiti vyote, lakini kasi ni ile ile, na siku nyingine huwa mbaya zaidi.

Baada ya Isha hata huku chini ni taabu. Nje, barazani petu, huketi vijana wa jirani na simu zao mpaka saa nne usiku, nami moyoni nimeshika kwamba wao ndio wanaoimaliza intaneti yetu. Nusura nimwendee mama yao. Bwanangu asema watoto wetu wamezidi. Shemeji ashikilia tulipie megabiti 20. Wenye huduma nikiwapigia hunambia nizime ruta kisha niiwashe. Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka. Nilipe zaidi, niseme na jirani, au niwanyang'anye watoto simu?

Mama Watatu, Mkomani

*

Wa alaikum salaam, dada yangu.

Kwa jirani usiende. Naanza na hilo kwa sababu ruta hurekebishika wakati wowote, lakini ukishamwambia mama wa watu kwamba wanawe ni wezi, huna namna ya kulirudisha neno. Na shemeji mwambie, kwa heshima zote, fedha za megabiti 20 zikae kwanza. Nikisoma barua yako naona matatizo mawili yamepandana. Moja ni la kuta zenu, nalo lipo mchana na usiku. La pili huja baada ya Isha. Kila mtu hapo nyumbani ameshika kipande chake, ndiyo maana hamsikilizani. Kifurushi kikubwa hakitagusa lile la kwanza hata kidogo, na la pili huenda kisiliguse pia.

Intaneti inakufikia kwa safari mbili: kutoka kwa mtoa huduma mpaka kwenye ruta, halafu kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu. Lazima uzipime mbalimbali. Mtu akipima akiwa chumba cha juu amepima safari zote mbili kwa pamoja, na hawezi kujua ni ipi iliyomwangusha. Kwa hiyo mwombe shemeji laptopu yake na waya wa mtandao, ule wa kuchomeka nyuma ya ruta. Uchomeke, uzime waifai ya laptopu, uwaambie wengine waache simu kwa dakika chache, kisha ufungue fast.com au speedtest.net upime. Iandike namba unayopata. Hiyo ndiyo kasi inayoingia nyumbani mwako, kabla ukuta wowote haujaigusa. Kisha chukua simu, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, upime tena. Halafu panda chumbani kwa binti yako upime mara ya tatu. Namba tatu asubuhi, namba tatu baada ya Isha, zote kwenye karatasi moja pamoja na saa.

Kwa waya asubuhi ukipata 9 au 10, unapata ulicholipia. Ukipata 9 kwa waya, 8 karibu na ruta, na 1 huko juu, basi kampuni haina kosa hapo na kifurushi cha 20 kitakuletea 20 kwenye kidaka na ile ile 1 orofani. Nakuomba ulifanye hili kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu nawajua watu wengi wa pwani hii wanaolipa kila mwezi kwa kasi ambayo haijawahi kutoka nje ya chumba chenye ruta.

Neno dogo kuhusu namba zenyewe, maana huzusha ugomvi bure. Kifurushi huuzwa kwa megabiti, faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1 na robo tu. Faili ya gigabaiti 1, hata mambo yakienda sawasawa, itachukua kama dakika 13. Shemeji akiona laptopu inaandika megabaiti 1.2 kwa sekunde asidhani ameibiwa. Hapo anapata kila kitu.

Sasa kuta. Wewe wakaa kwenye nyumba ambayo wageni husafiri kuja kuitazama. Mji wenu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa ajili ya nyumba kama hiyo. Lakini waliojenga kwa matumbawe na chokaa walitaka ubaridi na sitara, na ukuta unaozuia jua na sauti huzuia mawimbi ya redio vilevile. Kwenye nyumba nyingi za kale ukuta hufika nusu mita. Jiwe la matumbawe lina vitundu vinavyoshika unyevu, na maji hunyonya mawimbi ya waifai. Dari nayo si mbao tupu: ni boriti, juu yake mawe, juu yake chokaa iliyoshindiliwa. Ruta ileile ambayo kwenye nyumba ya matofali membamba ingefika vyumba vyote, kwako hufia ukuta wa pili.

Na hiyo ruta yenu imewekwa pabaya kuliko pote. Chumba cha ndani ndicho kilichofichika zaidi katika nyumba ya Kiamu, ndiyo kazi yake. Ndani ya chumba hicho imetiwa kwenye kidaka, yaani ukuta umeikumbatia pande zote isipokuwa mbele. Na mbele mumeweka sinia la shaba! Madini hayapitishi mawimbi hayo, huyarudisha yalikotoka. Kioo kikubwa cha ukutani hufanya hivyohivyo kwa sababu ya ule mpako wa nyuma, na friji, na tangi la maji.

Mama mkwe asitiwe uchungu kwa hili. Mwelezeni kwamba ruta inahama, na kidaka kinarudi kuwa kidaka, pambo lake na sinia lake mahali pake. Ihamishieni kwenye msana, yaani ule ukumbi unaotazama kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), juu ya kabati au kwenye rafu, kimo cha mtu aliyesimama. Kiwanda ni wazi mpaka juu, na mawimbi yatapanda kwenye hewa hiyo, yaingie orofani kwa madirisha na milango ya msana wa juu badala ya kupigana na dari. Waya unaoshuka kutoka kwenye kisahani waweza kurefushwa; waya wa kawaida wa mtandao hubeba mpaka mita 100, na nyumba yako haifiki hapo. Msiiache kiwandani penyewe ikanyeshewa, na msimruhusu fundi kutoboa ukuta wa kale kabla hamjauliza wahusika wa uhifadhi wa mji. Pitisheni waya kandokando ya ngazi.

Mkishahamisha, angalieni majina ya waifai yanayoonekana kwenye simu. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 hukimbia zaidi lakini huchoka haraka mbele ya ukuta, ya 2.4 ni mapole ila hufika mbali. Karibu na ruta tumieni 5. Binti huko juu ajaribu yote mawili, apime, ashike lenye namba kubwa. Ile 2.4 ndiyo yenye msongamano, kwa sababu jirani, nyumba za wageni, spika za Bluetooth na hata maikrowevu vyote hupita humo. Fundi aiweke kwenye chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Hizo tatu tu ndizo zisizopandana.

Kile kidude cha shemeji nacho kisitupwe, lakini kitoke chumbani mwake. Kidude hicho hakitengenezi intaneti. Hupokea mawimbi ya ruta na kuyatoa upya, kwa hiyo kikiwekwa mahali ambapo mawimbi yamefika yakiwa hoi, kitatoa yaleyale mahoi kwa sauti kubwa. Ndiyo maana mnaona vijiti vyote: vijiti huonyesha umbali wa simu na kidude, wala havisemi chochote kuhusu kidude na ruta. Tena vile vya bei nafuu hutumia redio moja kupokea na kutuma, kwa zamu, na hapo kasi hukatika karibu nusu hata kikiwekwa pazuri. Kiwekeni katikati ya safari, kwenye msana wa juu au kwenye kona ya ngazi, mahali ambapo simu bado yapata angalau nusu ya kasi ya chini. Kama hapana umeme hapo, au kama bado hamridhiki, fedha ile ya kuongeza kifurushi ndipo mahali pake: nunueni waya wa mita 20 au 30 na ruta ndogo ya pili, waya upande mpaka orofani, na fundi aipange hiyo ruta ya juu iwe ya kusambaza tu, isigawe anwani zake yenyewe. Hilo hulipwa mara moja. Kwa nyumba za mawe mimi naliona ndilo suluhisho la kweli, na vidude vyote vingine ni vya kusogeza siku.

Tuje kwenye usiku. Hapa nakuomba uwe mtulivu, kwa sababu kuna wezi ndani ya nyumba nao hawajui kama wanaiba. Baada ya Isha watu wamerudi, wamekula, simu zimechomekwa chaji. Simu nyingi zimepangwa kwamba zikiwa kwenye chaji na kwenye waifai, ndipo zipandishe picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ndipo zishushe matoleo mapya ya programu. Hakuna aliyebonyeza kitu. Nyumba ya watu saba yaweza kuwa na simu sita zinazopakia video kwa pamoja, huku wenyewe wamekaa wanazungumza.

Vifurushi vingi vya nyumbani vina njia nyembamba ya kupakia kuliko ya kupakua. Watu hudhani kupakia hakumhusu anayepakua, kumbe kila kipande cha data kinachoshuka lazima kijibiwe na ujumbe mdogo unaopanda, kumwambia mtumaji kimefika, leta kingine. Kichochoro cha Langoni wakikutana punda wawili wenye shehena za mawe, husimama hata mtu aliyeshika barua tu mkononi. Ndivyo inavyokuwa: zile jumbe ndogo zinakwama nyuma ya video za harusi, na kila kinachoshuka nacho kinakwama. Darasa la binti yako ndilo linaloumia zaidi, maana lenyewe linataka kwenda na kurudi papo kwa papo. Filamu yaweza kujiwekea akiba ya dakika mbele. Mwalimu anayeuliza swali hana akiba.

Kwa hiyo usiku mmoja, dakika chache kabla ya darasa, ingia kwenye simu za nyumba nzima, ya mama mkwe ikiwemo, uzime ule upakiaji wa picha wa kujiendesha. Kisha pima. Usishangae ukiona tofauti kubwa bila shilingi moja kutoka. Baadaye upakiaji huo waweza kurudishwa kwa mkono wakati wa usingizi. Bwanako hajakosea kabisa kuhusu watoto, ila si kwa namna anayodhani. Kutuma ujumbe na kusoma hakuli chochote. Filamu ndiyo inayokula: Netflix wenyewe hushauri megabiti 5 kwa picha kali ya kawaida na megabiti 15 kwa ile ya 4K. Filamu moja kali ni nusu ya kifurushi chako. Darasa la video huridhika na megabiti 1 mpaka 4. Basi hesabu ni ya kifamilia: saa ya darasa runinga iteremshwe ubora wa picha au ingoje, na hapo megabiti 10 zinatosha nyumba kama yako. Kumnyang'anya mtoto simu hakuhitajiki.

Na vijana wa barazani? Fanya jambo moja rahisi. Toka ukae barazani pale wanapokaa wao, ushike simu yako, utazame kama waifai yenu yafika. Ruta iko chumba cha ndani, nyuma ya sinia, na mlango wenu wa mbele uko upande mwingine wa nyumba. Mawimbi yanayoshindwa kupanda orofani sioni yatafikaje huko kwa nguvu ya kumaliza megabiti 10. Nadhani utakuta watoto wa watu wanatumia bando zao na wanapenda baridi ya jiwe lako. Ukitaka uhakika, mwombe shemeji afungue ukurasa wa ruta, anwani yake na neno la siri vimeandikwa chini ya kisanduku, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, atazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hesabuni simu, laptopu na runinga zenu. Kikizidi kifaa msichokijua, badilisheni neno la siri la waifai, na lile la kufungulia ukurasa wa ruta pia, kwa sababu watu huliacha kama lilivyotoka dukani. Kisha pimeni tena baada ya Isha. Namba ikibaki ileile, vijana hawakuwa sababu, nawe utakuwa umeshukuru kwamba hukwenda kwa mama yao. Kumbuka tu kwamba ruta ikishahamia kwenye msana mawimbi huenda yakafika barazani kweli, kwa hiyo neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo. Na ukipenda kuwapa, ruta nyingi huruhusu waifai ya pili ya wageni yenye jina lake na kikomo chake cha kasi. Hilo ni la moyo wako na bwanako.

Imebaki kampuni. Ikiwa kwa waya, simu zote zikiwa zimezimwa upakiaji, asubuhi wapata 9 na baada ya Isha wapata 2, hapo sasa una haki ya kulalamika. Mkondo mmoja hugawanywa kwa wateja wengi, na usiku wote huingia pamoja. Ikiwa namba ni ndogo kwa waya saa zote, wasiwasi wangu uko darini: kusi likivuma kisahani chaweza kusogea kidogo tu kikapoteza shabaha, na hewa yetu ya chumvi hula vichwa vya waya mpaka vikafanya kutu ya kijani. Fundi apande aangalie vyote viwili, na aangalie pia kama tangi jipya la jirani au mti haujasimama njiani mwa kisahani.

Kuna kipimo kimoja kitakachokusaidia ukizungumza nao. Shemeji akae juu, afungue dirisha la amri (Command Prompt) kwenye laptopu, aandike ping, amri ya kupima jibu huchukua muda gani kurudi, na anwani ya ruta. Jibu likirudi kwa milisekunde chache, safari ya ndani ya nyumba ni nzima. Likiruka mpaka mamia, au likipotea, tatizo ni la kuta zenu bado, na kuwapigia simu hakutasaidia. Kisha aandike ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo huko nje. Ya ruta ikiwa nzuri na hii ikiwa mbaya kila usiku, hata simu zikiwa zimezimwa upakiaji, tatizo liko nje ya mlango wenu.

Ukipiga simu usiseme intaneti ni mbovu. Sema: nimepima kwa waya, tarehe hizi, saa hizi, namba ni hizi, na ruta nimeshaizima na kuiwasha. Omba namba ya malalamiko uiandike. Wasiposhughulika, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji ambao mtoa huduma amewapuuza, na karatasi yako ndiyo ushahidi. Ila kabla ya kupiga, uliza nyumba mbili tatu kama nao wamekwama. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na intaneti ya nchi nyingi za Afrika Mashariki ikapunguza mwendo. Siku kama hiyo hakuna fundi wa Lamu atakayekusaidia.

Anza na sinia, leo. Kisha upakiaji wa picha, kisha kuhamisha ruta. Nitumie zile namba sita, za asubuhi na za usiku, pamoja na jina la ruta lililoandikwa chini yake, nami nitakwambia kama ruta ya pili ni ya kununua au la.